KUDAIWA SI JINAI, WANAOTUDHALILISHA WAKOMESHWE!

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Lakini wahenga wale hawakuyaona matanga ya siku hizi, ambayo hutandikiwa jamvi wakati mgonjwa bado anapumua. Leo kijana anakopa sh. 50,000/= Jumatatu, na Jumatatu inayofuata picha yake imeshasambazwa kwa mama yake, kwa mjomba wake, kwa bosi wake na kwa wakwe zake watarajiwa, juu yake pameandikwa TAPELI kwa herufi nyekundu.

Wiki chache zilizopita simu ya mwandishi wa maoni haya ililia saa kumi na moja alfajiri. Hakuamka. Ilipofika saa kumi na mbili akakuta simu tisa za namba asiyoijua, na meseji moja: “Mwambie huyo tapeli mwenzako alipe hela za watu leo kabla ya saa sita. Wewe ndiye mdhamini wake. Asipolipa tunakuja kwako.”

Mdhamini? Lini? Wapi? Mwandishi huyu hajaweka saini popote, na hajamdhamini mtu yeyote tangu azaliwe. Aliyekuwa akitajwa ni mshikaji aliyesoma naye hadi kidato cha nne, ambaye alikuwa anauza duka la spea Gerezani. Kosa la mwandishi ni moja tu: jina lake limo kwenye simu ya rafiki yake.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mama wa kijana huyo aliugua. Hospitali inataka hela mkononi, mshahara bado, bosi kasafiri. Kijana akafungua mkopo wa mtandaoni ambao tangazo lake lilimwambia dakika tano tu, bila dhamana. Akaomba 50,000/=. Zikaingia 35,000/=. Zile 15,000/= zilikatwa palepale kwa jina la “ada ya huduma”. Siku 7 baadaye akatakiwa arudishe 50,000/= kamili. Hakuwa nazo. Akaambiwa lipa 15,000/= tukusogezee siku. Akalipa. Wiki nyingine akalipa tena. Ya tatu akalipa tena. Jumla ametoa 45,000/= kwa mkopo wa 35,000/=, na bado anadaiwa 50,000/= ileile!

Wiki ya nne alishindwa. Hapo ndipo likafunguliwa kundi la WhatsApp, wakaingizwa ndugu, jamaa, shemasi wa kanisa lake na mwenye duka. Picha yake ikawekwa, na namba ya kitambulisho chake cha taifa pia ikawekwa. Mwenye duka akasema hawezi kumwachia mtu wa namba hiyo ufunguo wa stoo. Kazi ikaota mbawa kwa sababu ya 35,000/=.

Ndugu msomaji, kama wewe hujapatwa na hili, muulize uliyekaa naye hapo kijiweni. Muulize dereva wa bodaboda, mlinzi wa kampuni, mwalimu wa shule ya msingi, muuza chipsi. Kila mmoja ana kisa chake. Wengine ni wa mitandaoni. Wengine ni wa mikopo ya mitaani ambayo wananchi wenyewe wameipa jina linaloistahili: kausha damu.

TUELEWANE KWANZA

Gazeti hili halitetei wakopaji wasiolipa. Dawa ya deni ni kulipa. Mtu akikusaidia wakati wa shida, ukala hela yake ukabadili laini ya simu, wewe ni mwizi wa imani, na kesho utamfanya mwenzako anyimwe mkopo kwa sababu yako. Hilo tunalisema wazi ili asije mtu akatuwekea maneno mdomoni.

Tunachosema ni kingine. Deni ni mkataba kati ya watu wawili. Mmoja akishindwa, mwenzake anayo njia, nayo ni mahakama. Hakuna sheria ya nchi hii inayosema mdai akikosa hela yake ageuke askari, hakimu, bwana jela na mtangazaji kwa wakati mmoja. Na ukweli mchungu ni kwamba hawa jamaa wanatamba si kwa sababu sheria hazipo. Wanatamba kwa sababu sisi tunaodaiwa hatuzijui, na wale wanaolipwa mishahara kwa kodi zetu ili wazisimamie wamelala usingizi wa pono.

Basi leo tuzitaje. Kata ukurasa huu, uweke mfukoni.

HESABU YA WIZI

Mwaka 2018 Bunge lilipitisha Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha. Sheria hiyo iliwaweka wakopeshaji wadogo chini ya Benki Kuu ya Tanzania. Kampuni na watu wanaokopesha bila kupokea amana, wakiwemo wale wa kwenye simu, wanaitwa daraja la pili, na hawaruhusiwi kukopesha mpaka wawe na leseni. Kwa watu wa daraja hilo Benki Kuu imeweka kikomo cha riba: asilimia 3.5 kwa mwezi.

Sasa chukua kalamu. Kijana wetu alipokea 35,000/=. Asilimia 3.5 ya hela hiyo ni 1,225/= kwa mwezi mzima. Yeye alikatwa 15,000/= kwa siku saba. Hiyo ni zaidi ya mara 12 ya riba ya mwezi, tena kwa robo ya muda! Na wale wa mitaani wanaokupa 100,000/= leo ili urudishe 130,000/= mwisho wa mwezi, riba yao ni asilimia 30, wakati kikomo kingewapa 3,500/= tu.

Wajanja hawaiti riba. Wanaiita ada ya huduma, ada ya fomu, ada ya kusogeza, bima, faini. Ndiyo maana sheria inataka uelezwe gharama zote kabla hujakubali. Mkopeshaji halali anaweka mkataba wa maandishi, anataja riba, anataja ada, anataja siku ya mwisho, na anakupa nakala yako. Anayekuambia “saini hapa, nakala utachukua kesho” anakupiga changa la macho. Na anayetaka kadi yako ya benki pamoja na namba ya siri, huyo hataki dhamana, anataka mshahara wako. Namba ya siri ni yako peke yako. Hata mfanyakazi wa benki haruhusiwi kukuuliza.

LESENI IKO WAPI?

Swali la kwanza kumwuliza mtu yeyote anayekudai ni hili: leseni yako ya Benki Kuu ni namba ngapi, na imetolewa kwa jina gani?

Usidhani hili ni swali la kitoto. Novemba 2024 Benki Kuu yenyewe ilitoa tangazo kwa umma na kutaja programu na majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yaliyokuwa yakikopesha bila leseni na kwenda kinyume na mwongozo wa ukopeshaji wa kidijitali uliotolewa mwaka huohuo. Sitini na tisa! Maana yake ni kwamba mamia kwa maelfu ya vijana walikuwa wanalala macho wakiogopa watu ambao wao ndio waliopaswa kuogopa.

Hatusemi kwamba mkopeshaji asipokuwa na leseni basi deni limekufa na wewe ukanywe soda. Hilo ni la hakimu kuamua. Tunasema kwamba mtu asiye na leseni hana ubavu wa kukupeleka popote bila yeye mwenyewe kwanza kuulizwa anafanya biashara hiyo kwa ruhusa ya nani. Ndiyo maana hawaendi mahakamani. Wanaenda kwa mama yako.

Hivyo ndivyo rafiki yetu wa Gerezani alivyopona. Washikaji walikaa naye, wakaandika meseji moja ya heshima: tupe namba ya leseni, tupe mkataba, tupe taarifa ya malipo yote tangu siku ya kwanza, na mawasiliano yote kuanzia sasa yawe ya maandishi. Wale waliokuwa wakipiga simu mara tisa kabla jua halijatoka wakawa kimya. Siku ya pili kimya. Mpaka tunakwenda mitamboni, kimya. Kazi yake lakini haikurudi, wala jina lake.

POLISI SI OFISI YA REJESHO

Kitisho kikubwa wanachokitumia ni hiki: “Tunakuja na defenda.” Kijana akisikia defenda, tumbo linamkata, anakwenda kukopa kwingine alipe. Ndivyo mtu anavyofikisha mikopo mitano kwa kuulipa mmoja.

Sikiliza. Kushindwa kulipa deni ni jambo la madai, si kosa la jinai. Tanzania iliridhia mwaka 1976 Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao unakataza mtu kufungwa kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mkataba. Polisi kazi yake ni kukamata wahalifu. Hana kazi ya kukukalisha kaunta mpaka shangazi yako alete hela za mtu.

Tuwe wakweli pia. Ukikopa kwa kitambulisho cha mtu mwingine, ukighushi hati ya nyumba, au ukitoa hundi huku ukijua akaunti ni tupu, hapo umevuka mpaka. Huo ni udanganyifu, na udanganyifu ni jinai. Lakini kama ulikopa kwa jina lako, kwa nia ya kulipa, kisha maisha yakakupiga, hakuna mwenye haki ya kukuita mhalifu.

Lipo gereza la madai, ndiyo. Watu wa rejesho hulitaja kila siku. Wasilolisema ni kwamba huko hupelekwi na afisa mikopo. Unapelekwa na mahakama, baada ya kesi, baada ya hukumu, baada ya wewe kuitwa ujieleze kwa nini usipelekwe. Mdai mwenyewe ndiye hulipia gharama za kukutunza humo, na muda wake hauzidi miezi 6. Lengo lake ni kwa wale wenye mali wanaokaidi amri ya mahakama. Maskini aliyeshindwa ana nafasi ya kumweleza hakimu hali yake na kuomba alipe kidogo kidogo.

Kwa hiyo ukiitwa kituoni kwa ajili ya mkopo, nenda kwa adabu, usikimbie. Uliza kosa gani unatuhumiwa nalo. Nenda na ndugu. Usisaini karatasi ya kukubali deni ambalo hujalihesabu. Askari waadilifu wapo, nao watamwambia mdai aende mahakamani. Wale wachache wanaogawana naye rejesho ndio tunaowazungumzia, na wanajijua.

WAKIFIKA MLANGONI

Siku nyingine hawapigi simu. Wanakuja vijana wanne wenye vifua, na pikapu. Wanabeba televisheni, wanabeba friji, wanabeba godoro, wanasukuma bodaboda. Majirani wanatazama. Mama anapiga kelele. Hakuna karatasi hata moja iliyoonyeshwa.

Huo si ukusanyaji wa madeni. Huo una jina lake katika sheria za jinai, na kila mtu analijua.

Dalali wa mahakama ni mtu aliyeteuliwa kwa kanuni, na ana hati. Kwenye hati kuna jina la mahakama, namba ya kesi, jina lako, kiasi unachodaiwa, saini na mhuri. Unayo haki ya kuiona na kuisoma. Kwa kawaida atapitia kwa kiongozi wa serikali ya mtaa. Ukiona hati ni ya kweli, usishike panga, usimzuie, kwa sababu sasa utakuwa unapigana na mahakama. Andika kila kilichochukuliwa, taka orodha yenye saini, kisha nenda mahakamani siku hiyohiyo.

Na hata dalali wa kweli hachukui kila kitu. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inakinga vitu ambavyo mtu hawezi kuishi bila hivyo: nguo za kuvaa, vyombo vya kupikia, kitanda na matandiko, na zana za kazi za fundi. Nyumba anayoishi mdaiwa na familia yake nayo imekingwa, isipokuwa kama aliiweka rehani mwenyewe. Kwa hiyo cherehani ya fundi nguo na msumeno wa seremala si vya kubeba tu kama viazi.

Kuhusu mali uliyoiweka dhamana kwa mkono wako mwenyewe, hapo mambo ni tofauti, maana uliandika. Lakini bado mkataba wenyewe lazima ufuatwe, notisi lazima itolewe, na mlango hauvunjwi. Kwa rehani ya nyumba au kiwanja, Sheria ya Ardhi inataka upewe notisi ya siku 60 kabla ya mkopeshaji kuuza, na kisheria mnada wa ardhi lazima utangazwe kwa umma angalau siku 14. Nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi wa ndoa. Ni nyumba ngapi mjini zimepigwa mnada asubuhi huku mke wa mwenye nyumba akisikia habari jioni?

Usiwekwe roho juu pia na deni la kale. Mdai wa deni la mkataba ana miaka 6 ya kufungua kesi. Ila jihadhari: ukikiri kwa maandishi au ukalipa hata kidogo, muda unaanza kuhesabiwa upya. Ndiyo maana anayefufua deni la miaka mingi hukuambia “tuma hata elfu mbili tu uonyeshe nia.”

SURA YAKO SI DHAMANA

Sasa turudi kwenye picha ile yenye herufi nyekundu.

Tangu Mei 2023 nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi. Ilipitishwa 2022, na chini yake kuna Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Jina lako, namba yako, picha yako, kitambulisho chako na orodha ya watu walio kwenye simu yako ni taarifa binafsi. Aliyekusanya kwa ajili ya mkopo hana ruhusa ya kuzigeuza fimbo. Na yule mama yako, na mwandishi wa maoni haya aliyeamshwa alfajiri, wao hawakukubali chochote na mtu yeyote. Hata wao wanaweza kulalamika.

Juu ya hilo ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayofanya kuwa kosa kumtumia mtu ujumbe wa kumtisha au kumtesa. Cha ajabu ni kwamba sheria hiyo tumeiona ikikimbia mbio kama swala pale kijana anapoandika neno juu ya mkubwa. Pale kijana huyohuyo anapotukanwa na mtu wa mkopo, sheria inatembea kama kobe. Kulikoni?

Tusiseme haiwezekani. Jirani zetu Kenya, mwaka 2022, Benki Kuu yao ilitoa kanuni za wakopeshaji wa kidijitali zinazokataza kutisha, kutukana na kupigia watu walio kwenye simu ya mdaiwa. Septemba 2023 Kamishna wao wa Ulinzi wa Data aliitoza kampuni moja ya mikopo ya simu faini ya shilingi za Kenya 2,975,000 kwa kutumia vibaya majina na namba za watu. Faini ikatangazwa, kila mtu akaiona. Je, hapa kwetu ni kipi kinachokosekana?

WAKUBWA NAO WAJIBU

Swali hilo tunalipeleka kwa wakubwa, kwa sababu hii biashara haikuota kama uyoga usiku mmoja.

Sheria ya kuwasimamia wakopeshaji ilipitishwa 2018. Kanuni zikatoka 2019, za huduma ndogo za fedha na za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha. Orodha ya wasio na leseni imetoka Novemba 2024. Miaka 6! Katika miaka hiyo kila kijana mwenye simu aliziona hizo programu, zinatangazwa mchana kweupe. Na baada ya orodha kutoka, kila mwenye simu anajua jinsi jina moja linavyofutwa na jingine kuzaliwa. Tangazo peke yake si kizuizi. Mwizi hakamatwi kwa kubandikwa jina lake ukutani.

Kuna na hili. Kwa nini kijana anakimbilia kausha damu? Kwa sababu mlango mwingine umefungwa. Sheria inataka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Aprili 2023 mikopo hiyo ikasimamishwa, baada ya kelele za ripoti ya Mkaguzi Mkuu kuonyesha fedha zinavyopotea. Ikarejeshwa 2024. Waliozila hela hizo kwa vikundi hewa hakuna aliyewafungulia kundi la WhatsApp. Hakuna aliyewapigia wakwe zao. Lakini kijana wa Gerezani, aliyekosa 50,000/=, amevuliwa nguo mbele ya ukoo mzima.

Huo ndio usawa tunaoambiwa upo?

Gazeti hili linadai mambo manne. Kwanza, Benki Kuu isiishie kutaja majina. Wanaokopesha bila leseni wafikishwe mahakamani na tutangaziwe matokeo. Pili, wakuu wa Jeshi la Polisi watoe agizo la wazi kwamba kituo cha polisi si mahali pa kudaiana, na askari atakayekamata mtu kwa deni tupu awajibishwe. Tatu, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi itoze faini hadharani, ili mwenye kampuni ajue kwamba picha moja ya kumdhalilisha mtu itamgharimu kuliko mkopo wenyewe. Nne, mikopo ya halmashauri iwafikie vijana wote bila kuulizana kadi za vyama mlangoni.

NA WEWE FANYA HIVI

Lakini kukaa kusubiri wakubwa waamke ni sawa na kusubiri meli kituo cha daladala. Kuna ya kufanya leo.

Kabla ya kukopa, tazama orodha ya wenye leseni kwenye tovuti ya Benki Kuu au uliza katika matawi yake. Programu ikitaka ruhusa ya kusoma majina yaliyo kwenye simu yako, ikatae. Soma mkataba hadi mwisho, na kama huelewi mpe mwingine akusomee. Hakuna aibu katika hilo. Aibu iko mbele.

Ukishakwama, usizime simu. Andika wewe kwanza: nadaiwa kiasi hiki, nimelipa hiki, naweza kulipa hiki kila wiki. Taka jibu la maandishi. Lipa kwa njia inayoacha risiti, kamwe usilipe kwenye namba binafsi ya afisa. Usikope kwingine kulipa hapa.

Wakikutukana, usiwajibu kwa matusi. Piga picha ya kila meseji, tunza tarehe, saa na namba. Lalamika kwanza kwa mkopeshaji mwenyewe kwa maandishi, kisha Benki Kuu, kisha Tume kama wamesambaza taarifa zako. Vitisho vya kupigwa au kuvunjiwa mlango viripoti polisi na udai namba ya taarifa. Ukiletewa samansi ya mahakama, nenda! Wengi wanaogopa, hawatokei, hukumu inatoka upande mmoja, na hapo ndipo dalali anapata hati halali. Katika Mahakama ya Mwanzo unaweza kusikilizwa bila wakili. Na wapo wanaosaidia bure, kama Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na Chama cha Wanasheria Wanawake, TAWLA, na sheria ya msaada wa kisheria ipo tangu 2017.

La mwisho ni letu sote. Siku ukiletewa picha ya jirani yako imeandikwa TAPELI, usiisambaze. Usicheke. Usimfukuze kazi kabla ya kumwuliza. Hawa watu hawana nguvu nyingine zaidi ya aibu yetu. Wanaikopa kwetu bure, kisha wanatutoza riba. Tukikataa kuwakopesha, biashara yao imekufa.

Mwandishi wa maoni haya aliijibu ile meseji ya alfajiri. Aliandika: “Mimi si mdhamini. Nani amekupa namba yangu, na leseni yako ni namba ngapi?” Hajajibiwa. Na wewe ukiipata, andika hivyohivyo.

Deni tutalipa. Utu wetu hatujauweka rehani, na hauuzwi!